Kuuza Visanamu Ulivyofinyanga Mwenyewe Bila Kuingilia Haki za Wengine

Maswali ninayoulizwa na wanaotaka kuuza visanamu vyao ni yale yale. "Nikibadilisha asilimia ishirini, si kinakuwa changu?" "Nikiandika kwamba sina uhusiano na kampuni ile, si niko salama?" "Nimekinunua kwa hela yangu, kwa nini nisitoe nakala?" Majibu kwa mpangilio huohuo: hapana, si hivyo, na hapana. Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake, ndiyo maana nimekaa chini nikayaandika yote.

Mwongozo huu ni wako kama unafinyanga visanamu vya kupaka rangi na kuchezea mezani, viwe vya milimita 28, 32 au hata 75, kwa puti (ile nta ngumu ya kuchanganya, inayoganda yenyewe) au kwa kompyuta, na sasa unataka kuvitoa kabatini uvipeleke sokoni. Sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi, na mambo yakiwa mazito mtafute wakili wa miliki bunifu. Lakini shida nyingi za wanaoanza hazihitaji wakili. Zinatokana na kitu kimoja kilichofanywa siku ya kwanza, kabla puti haijachanganywa.

## Nadharia, kidogo tu

Hakimiliki hulinda umbo, si wazo. Joka linalolinda hazina ni wazo, na ni la kila mtu. Joka la fulani, lenye pembe zile, mkunjo ule wa shingo na magamba yaliyopangwa vile, ni umbo, na lina mwenyewe. Haki hiyo huzaliwa yenyewe kazi inapotengenezwa, bila fomu wala muhuri, katika nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886, na nchi hizo sasa ni zaidi ya 180. Kwa hiyo kazi yako inalindwa tangu ilipotoka mikononi mwako. Na mchoro ulioukuta mtandaoni bila jina wala alama ya © unalindwa vilevile.

Alama ya biashara hulinda majina na nembo. Yenyewe haijali ufundi wako. Inauliza tu kama mnunuzi anaweza kudhani bidhaa imetoka kwa mwingine. Kuna pia haki ya usanifu wa bidhaa, ambayo Umoja wa Ulaya huitoa kwa miaka 3 hata bila usajili. Hiyo inatosha kuanzia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Folda moja kwa kila kisanamu, ya karatasi au ya kompyuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kazi hii daftari ndilo shahidi wako.
- Simu yenye kamera, na tarehe iliyowekwa sawasawa.
- Programu ya kuchonga yenye leseni inayoruhusu biashara. Blender ni ya bure na unachotengeneza ndani yake ni chako. Leseni za wanafunzi za programu nyingi haziruhusu kuuza. Soma kabla hujaanza.
- Vielelezo ambavyo unajua vimetoka wapi.
- Jioni moja isiyo na kazi nyingine, ya kutafuta majina.

## Hatua kwa hatua

1. Andika kabla ya kutazama.

Chukua karatasi, eleza kisanamu chako kwa sentensi nne au tano bila kutaja mchezo, filamu wala mhusika yeyote. Usifungue picha kwanza. Ukijikuta huwezi kukieleza bila kusema "kama wale wa...", basi hujapata wazo bado, una kumbukumbu ya kazi ya mtu.

Mfano. "Askari wa anga za mbali mwenye deraya nene na mabega makubwa ya duara yenye kingo zilizonyanyuka" ni maelezo ambayo mchezaji yeyote atayamalizia kwa jina la kampuni. Jaribu tena: "Mchimba madini wa chini ya barafu, deraya yake imeunganishwa kama gamba la kaa, mkono mmoja mkubwa kuliko mwingine, taa tatu kifuani, mgongoni mtungi wa hewa uliofungwa kwa kamba." Bado ni askari wa anga za mbali, ila sasa ana kazi, ana mahali anapoishi, na deraya yake ina sababu ya kuwa hivyo. Kisanamu chenye sababu zake ni vigumu kufanana na cha mtu kwa bahati mbaya.

Hifadhi karatasi hiyo. Ndiyo ukurasa wa kwanza wa folda.

2. Chagua chimbuko, kisha chunguza tabaka zake.

Hadithi za kale, historia, wadudu, samaki wa kina kirefu, mashairi ya zamani: hivi vyote viko wazi. Mtego ni kwamba juu ya hadithi ya kale mara nyingi kuna tabaka jipya lenye mwenyewe, na macho yetu hayatofautishi.

Riwaya ya Frankenstein ilichapishwa 1818, na kiumbe wake ni mali ya umma. Lakini kichwa bapa na vyuma viwili shingoni havimo kwenye riwaya; vilitoka kwenye filamu ya Universal ya 1931, ambayo kwa Marekani inalindwa miaka 95, hadi mwisho wa 2026. Thor wa masimulizi ya Skandinavia ana ndevu nyekundu. Yule wa nywele za dhahabu asiye na ndevu na mwenye mabawa kwenye chapeo ni wa Marvel, tangu 1962. Ukitaka kumfinyanga Thor, rudi kwenye masimulizi ya kale, usirudi kwenye filamu uliyoitazama juzi.

Kwa michezo ya mezani, kumbuka pia kwamba mazimwi mengine yalibuniwa na kampuni. Beholder, lile dubwana la jicho kubwa linaloelea, na mind flayer, mwenye mikono ya pweza usoni, ni mazimwi ambayo Wizards of the Coast, kampuni inayotoa mchezo wa Dungeons & Dragons, imekuwa ikiyahesabu kuwa yake. Januari 2023 kampuni hiyo iliweka kanuni za msingi za mchezo huo, ziitwazo SRD 5.1, chini ya leseni ya wazi ya Creative Commons CC BY 4.0, inayoruhusu kutumia mradi utaje chanzo. Habari njema, ila ni maandishi. Unaweza kufuata maelezo ya zimwi lililomo humo na kutaja chanzo, lakini michoro ya vitabuni haimo kwenye zawadi hiyo.

Ukitaka umbo la kuanzia lililo huru kabisa, makumbusho ni hazina. Smithsonian ilifungua mkusanyo wake Februari 2020, pamoja na skani za 3D zilizotolewa kwa CC0, yaani bila sharti lolote, ambazo unaweza kuzitumia hata kibiashara. Makumbusho mengine huweka skani kwa masharti ya kutouza, hivyo soma kila faili kivyake.

3. Panga vielelezo. Hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hili silioni likielezwa vya kutosha. Kila mtu anaogopa makampuni makubwa. Mimi niliyekuja kumkosea hakuwa kampuni, alikuwa mchoraji mmoja.

Kisanamu changu cha pili kukiuza kilikuwa cha mwindaji mwanamke aliyechuchumaa na mkuki. Nilikifinyanga kutokana na mchoro niliokuwa nimeuhifadhi miaka mingi, bila jina. Nilibadilisha mkuki, nikaongeza mkoba, nikasema ni changu. Mwenye mchoro alikiona. Aliniandikia kwa upole mno, kisha akaweka mchoro wake na kisanamu changu bega kwa bega. Sikuwa na la kusema. Niliikata vipande kalibu, yaani umbo la kumiminia nakala, nikaondoa tangazo, na nikamlipa kwa nakala zilizokwisha kuuzwa.

Kugeuza mchoro wa mtu kuwa sanamu ni kutengeneza kazi iliyotokana na kazi yake, na ruhusa ya kufanya hivyo ni ya kwake. Haijalishi kwamba yeye alichora na wewe umefinyanga. Haijalishi kwamba ni vigumu kuliko kuchora. Kwa hiyo:

- Tumia vielelezo vingi, kila kimoja kwa jambo moja: hiki kwa mkunjo wa kitambaa, kile kwa mfupa wa bega, kingine kwa buti. Picha moja isiyo yako isitawale pozi, mavazi na sura kwa pamoja.
- Pozi jipigie mwenyewe. Weka simu mezani, shika fimbo ya ufagio, piga picha kumi. Utachekwa nyumbani, lakini utakuwa na kielelezo ambacho hakuna wa kukudai.
- Ukiupenda mchoro wa mtu kiasi hicho, mwombe. Wachoraji wengi hukubali kwa malipo au asilimia. Makubaliano yawe kwa maandishi, yaseme idadi ya nakala, muda, na kama faili la kuchapisha nalo limo.
- Usifinyange uso wa mwigizaji au mwanamichezo anayejulikana. Sehemu nyingi sura ya mtu ina haki zake, mbali na hakimiliki.

Kuhusu picha za mashine za akili bandia: Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haisajili kazi isiyo na mkono wa binadamu. Ukichukua umbo lililotemwa na mashine na kuliuza jinsi lilivyo, siku mtu akilinakili utakosa pa kushika.

4. Finyanga, ukipiga picha njia nzima.

Piga picha kiunzi cha waya kikiwa kitupu. Piga mwili wa kwanza wa puti, nguo zilipoanza, uso ulipoharibika ukaukwangua. Kwa wa kompyuta, hifadhi toleo jipya la faili kila siku ya kazi badala ya kufunika la jana. Picha mbaya zina thamani kuliko nzuri: aliyeiba kisanamu chako anaweza kuwa na picha nzuri ya mwisho, lakini hana picha ya pua uliyoikosea mara tatu.

Angalia sana vipande vya kununua. Kichwa kutoka kwenye boksi la plastiki, mkono wenye upanga, hata mkoba mdogo wa kiunoni, ni kazi ya mtu. Kubadilisha kisanamu kimoja ulichonunua na kukiuza hichohicho, sehemu nyingi hakuna atakayekusumbua. Kukiweka kwenye silikoni na kutoa nakala ni jambo jingine kabisa, hata kama asilimia tisini ya kazi ni puti yako. Kipande kimoja cha mtu kikiingia kwenye kalibu, kalibu nzima ina mgogoro.

Miili ya kuanzia, brashi na maumbo ya kompyuta uliyopakua yana leseni pia. Kwenye Creative Commons: BY maana yake taja jina, NC usiuze, ND usibadilishe, SA ukibadilisha, toa kwa masharti yaleyale. "Bure" si sawa na "huru".

5. Fanya jaribio la kivuli.

Piga picha kisanamu kikiwa mbele ya mwanga ili kionekane cheusi tupu. Mwonyeshe mtu anayecheza michezo ya mezani, usimwambie chochote, muulize: "Hiki ni nini?" Akisema "mwindaji" au "zimwi fulani", sawa. Akitaja mhusika wa kampuni bila kusita, muulize ni nini kilichomfanya aseme hivyo, kisha rudi mezani ukabadilishe hicho. Rudia kwa watu watatu. Usiwaulize marafiki wanaokupenda sana.

6. Tafuta jina, na usilipende kabla ya kulitafuta.

Umbo safi linaweza kuharibiwa na jina. Kesi inayotajwa sana katika uwanja wetu ni ya Games Workshop, watengenezaji wa Warhammer, dhidi ya Chapterhouse Studios, kampuni ndogo iliyokuwa ikiuza vipande vya kuongezea kwenye visanamu vya Games Workshop. Mwaka 2013 baraza la mahakama huko Chicago liligawanya madai: mengine yalishinda, mengine yalianguka, na Games Workshop ikapewa fidia ya dola 25,000. Watu hupenda kuisimulia kama ushindi wa mnyonge. Mimi naona miaka zaidi ya miwili ya kesi juu ya mabega ya biashara ndogo.

Tafuta jina lako kwenye Global Brand Database ya WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, na kwenye TMview, hifadhi nyingine ya alama za biashara mtandaoni. Zote mbili hazitozi. Angalia hasa daraja la 28 la bidhaa, ambalo ndilo la michezo na vitu vya kuchezea. Tafuta na matamshi yanayofanana, maana kubadilisha herufi moja hakukuokoi. Hata Dungeons & Dragons katika siku zake za mwanzo ililazimika kuacha neno hobbit, la vitabu vya Tolkien, na kwenda na halfling.

Unaweza kutaja jina la mchezo wa mwingine kama kueleza tu: "kina ukubwa wa milimita 32, kinafaa kwa michezo ya vita ya ukubwa huo." Kuandika jina la kampuni kubwa kwenye kichwa cha tangazo, kwenye alama reli au kwenye nembo yako ni kuvua nguo sokoni. Na ile sentensi ya "sina uhusiano na kampuni fulani" inaweza kupunguza mkanganyiko wa jina; haisafishi umbo lililonakiliwa.

7. Andikiana na kila anayeshika kisanamu chako.

Kama mwingine atakutolea nakala, karatasi iseme: kalibu ni za nani, nakala ngapi zitatolewa, zenye kasoro zinakwenda wapi, na kalibu zikichoka nani anaziharibu. Kama umefinyanga kwa kulipwa na mtu, iseme haki zinahama au zinabaki kwako. Kulipwa peke yake hakuhamishi haki kila mahali, na pande zote mbili hudhani zinajua jibu. Barua pepe fupi iliyojibiwa "nakubali" ni bora kuliko ahadi ya mdomo.

8. Weka sokoni.

Andika ©, jina lako na mwaka kwenye tangazo na chini ya kitako cha kisanamu. Si lazima kisheria, lakini hakuna atakayedai hakujua. Ukiuza faili, eleza kwa lugha nyepesi mnunuzi anaruhusiwa nini: kuchapisha kwa matumizi yake, sawa; kuuza alivyochapisha, kwa leseni tofauti; kugawa faili, hapana. Kama soko lako kubwa ni Marekani, fikiria kusajili mapema kwenye ofisi yao ya hakimiliki, kwa sababu usajili wa mapema ndio unaofungua mlango wa fidia zilizopangwa na sheria.

## Makosa ninayoyaona kila mara

*Asilimia.* Hakuna nchi ninayoijua yenye kipimo cha asilimia ishirini au thelathini. Swali ni ulichochukua, si ulichobadilisha.

*"Nauza vichache tu."* Uchache unaweza kupunguza fidia, hauhalalishi.

*"Wengine wanafanya."* Wengine hawajapata barua bado.

*Kutegemea mwanya wa nchi moja.* Andrew Ainsworth, aliyetengeneza helmeti za askari weupe wa Star Wars kwa filamu ya 1977, alianza kuziuza miaka mingi baadaye. Mwaka 2006 mahakama ya Marekani iliamua alipe dola milioni 20. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema helmeti hiyo si sanamu kisheria, hivyo kwa upande huo akashinda. Lakini ikasema pia kwamba dai la hakimiliki ya Marekani linaweza kusikilizwa Uingereza. Ukisafirisha nje, sheria za huko zinakusubiri bandarini.

*Kujitumia barua yenye picha za kazi yako* ili muhuri wa posta uwe ushahidi. Folda ya hatua ya nne ina nguvu zaidi.

## Mambo yakienda mrama

Umepata taarifa ya kuondolewa tangazo. Usijibu siku hiyohiyo. Soma wanadai nini hasa: jina au umbo? Kama ni jina tu, mara nyingi kulibadilisha kunamaliza. Kama ni umbo, fungua folda. Ukiona wana haki, ondoa, simamisha nakala, andika kwa adabu. Ukiona wamekosea, sheria ya Marekani ya DMCA ya 1998 inakuruhusu kuwasilisha pingamizi, na mlalamikaji asipofungua kesi tangazo hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Pingamizi hilo ni kiapo, na ndani yake unakubali kushitakiwa. Usilitume kwa hasira.

Kimetokea kisanamu kinachofanana na chako, na hujawahi kukiona. Hutokea, wawili wanaweza kufikia kitu kimoja kila mtu kwa njia yake, na kwenye hakimiliki hilo si kosa. Mwandikie mwenzako, mwonyeshe picha zako za hatua kwa hatua. Nimeona hali hii ikiishia kwa watu kuwa marafiki.

Mteja anataka mhusika fulani wa filamu, "kwa ajili yangu tu". Ukipokea pesa, umeuza. Mpe kingine: muulize anampendea nini mhusika huyo, ujasiri, mavazi au huzuni yake, kisha mfinyangie wa kwake. Wengine wataondoka. Waache.

Umekuta nakala za kazi yako zikiuzwa na mtu. Kwanza nunua moja, uhifadhi risiti na kifurushi. Ilinganishe na ya kwako kwa rula: resini, ile plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu, husinyaa kidogo inapoganda, kwa hiyo nakala ya nakala huwa ndogo kidogo kuliko ya asili, na kasoro za kalibu yako huwa zimo palepale. Piga picha zote mbili pamoja, chukua picha za skrini za tangazo zenye tarehe, ndipo upeleke malalamiko kwenye soko husika pamoja na picha za puti ikiwa bado mbichi. Usimtaje hadharani kabla soko halijajibu. Akishafuta tangazo, ushahidi wako ni ule tu ulioushika mkononi.